Mafuta ya Ubongo na Protini Isiyo na Umbo

Alfa-sinukleini ni protini ndogo yenye asidi amino 140. Hupatikana kwa wingi kwenye ncha za seli za neva, pale ambapo seli moja huipitishia nyingine ujumbe, na katika ubongo inakadiriwa kufikia hadi asilimia 1 ya protini zote zilizoyeyuka ndani ya seli. Ikielea peke yake haina umbo lolote la kudumu. Katika ugonjwa wa Parkinson protini hiyohiyo hukutwa imegandamana na kuwa mabonge ndani ya seli zinazokufa. Kati ya kuelea bila umbo na kuganda kuna hali ya tatu ambayo kwa muda mrefu haikupewa uzito wake, nayo ni ya kulala juu ya utando wa mafuta. Hali hiyo ndiyo inayoieleza kazi ya protini hii, na kwa sehemu kubwa ndiyo inayoueleza ugonjwa wake pia.

Protini nyingi za mwili hujikunja mara tu zinapotengenezwa na kupata umbo moja ambalo hudumu nalo. Umbo ndilo linaloiwezesha hemoglobini kubeba oksijeni, na ndilo linalokiwezesha kimeng'enya cha mate kukata wanga. Kwa miongo mingi vitabu vya baiolojia vilifundisha kwamba protini iliyopoteza umbo imeharibika. Alfa-sinukleini ni miongoni mwa zile zilizolazimisha fundisho hilo lirekebishwe. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walionesha kwamba ndani ya maji protini hii hubaki imelegea, ikibadili mkao wake wakati wote, na kwamba hata ikichemshwa haigandi, tofauti kabisa na protini za ute wa yai. Leo inafahamika kuwa protini za namna hiyo ni nyingi mwilini, hasa katika kazi za kupeana ishara. Kulegea kwao ni faida, kwa sababu protini moja huweza kushikana na washirika wa aina nyingi. Gharama yake ni kwamba zile sehemu zinazopenda kunata, ambazo protini nyingine huzificha ndani ya mikunjo, hapa zimebaki wazi.

Sehemu yenye kunata katika alfa-sinukleini iko katikati, kuanzia asidi amino ya 61 hadi ya 95. Mwishoni ipo sehemu yenye chaji nyingi hasi, ambayo hukataa kushikana na karibu kila kitu. Mwanzoni, kuanzia ya kwanza hadi ya 60 hivi, kuna mpangilio wa asidi amino 11 unaojirudia tena na tena, huku ukiingia kidogo katika eneo la katikati. Mpangilio huo ndio ulioleta dokezo la kwanza kuhusu mafuta. Mwaka 1995 Julia George na David Clayton, waliokuwa wakichunguza ubongo wa ndege wadogo wanaojifunza kuimba, waliikuta protini hii katika maeneo ya ubongo yanayohusika na wimbo, na wakatambua kuwa marudio yake yanafanana na yale ya protini zinazosafirisha mafuta katika damu. Protini iliyodhaniwa kuwa ya neva tu ilikuwa na alama za ukoo wa wabeba mafuta.

Mafuta yanayozungumzwa hapa si yale ya akiba yanayorundikana tumboni. Maji yakiondolewa, nusu au zaidi ya kile kinachobaki cha ubongo ni mafuta, na karibu yote ni ya ujenzi. Kiungo hiki chenye uzito wa asilimia 2 hivi ya mwili hubeba takriban moja ya tano ya lehemu yote, na lehemu hiyo hukitengeneza chenyewe, kwa kuwa ile ya kwenye damu haivuki kizuizi kilichoko kati ya damu na ubongo. Jengo lenyewe ni utando. Kila seli imezungukwa na utando, na ndani yake kuna tando nyingine nyingi zaidi zinazofunika mitokondria, laisosomu na vifuko vya kila aina. Utando hujengwa hasa na fosfolipidi, molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa. Zinapokutana majini hujipanga katika tabaka mbili, mikia ikielekezana ndani na vichwa vikitazama nje.

Vichwa hivyo havifanani. Vingine havina chaji ya jumla, vingine vina chaji hasi. Seli hutumia nguvu kuhakikisha kwamba mafuta yenye chaji hasi, hususan fosfatidilserini, yanakaa zaidi upande wa ndani wa utando, unaotazamana na protini zilizoyeyuka. Mikia nayo hutofautiana kwa urefu na kwa idadi ya mahali ilipopinda. Mikia iliyonyooka hupangika kwa kubanana. Iliyopinda, kama ya asidi ya mafuta iitwayo DHA ambayo mwili huipata kwa wingi katika samaki, huacha nafasi na kuufanya utando uwe laini. Mambo haya mawili, chaji ya vichwa na mpangilio wa mikia, ndiyo yanayoamua kama alfa-sinukleini itatua au itapita.

Kutua kwenyewe kulioneshwa vizuri mwaka 1998. George, Clayton na wenzao walichanganya alfa-sinukleini na vifuko vidogo vya mafuta vilivyotengenezwa maabara. Kabla ya kuchanganya, asilimia 3 tu ya protini ilikuwa na umbo la msokoto. Baada ya kuchanganywa na vifuko vyenye chaji hasi, msokoto ulifikia karibu asilimia 80. Vifuko visivyo na chaji havikuleta badiliko kama hilo. Maana yake ni kwamba umbo la protini hii limo nje yake, kwenye mafuta. Yale marudio ya asidi amino 11 yakishajisokota hupata pande mbili: upande mmoja una asidi amino zinazokwepa maji, nao huzama kidogo kati ya vichwa vya mafuta, na kando yake kuna asidi amino zenye chaji chanya zinazovutwa na vichwa vyenye chaji hasi. Ule mkia wa mwisho wenye chaji hasi hubaki ukining'inia majini.

Ukubwa wa kifuko nao una nafasi yake. Ndani ya ncha ya neva, dopamini na kemikali nyingine za ujumbe huhifadhiwa katika vifuko vyenye kipenyo cha nanomita 40 hivi, vidogo kiasi kwamba 25,000 vikipangwa foleni vitafikisha urefu wa milimita 1 tu. Kifuko kidogo namna hiyo kimejikunja sana, kwa hiyo tabaka lake la nje limetanuka na vichwa vya mafuta vimeachana, vikiacha mianya ambamo mikia inachungulia. Alfa-sinukleini huitafuta mianya hiyo na kuiziba. Kwa kufanya hivyo husaidia vifuko vikae pamoja karibu na ukingo wa seli, na mwaka 2010 ilioneshwa pia kwamba husaidia kuunganisha zile protini zinazokikutanisha kifuko na utando wa nje wakati wa kumwaga ujumbe. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku, nayo hufanyika juu ya mafuta.

Ugonjwa uliiingiza protini hii katika historia ya tiba mwaka 1997. James Parkinson, tabibu wa London, alikuwa ameeleza tangu mwaka 1817 hali ya watu 6 waliotetemeka mikono wakiwa wamepumzika, waliopinda mgongo na kutembea kwa hatua fupi za haraka. Mwaka 1912 Friedrich Lewy, Mjerumani, aliona vitu visivyo vya kawaida ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa kama hao, na mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, akiwa Paris, alivikuta katika eneo jeusi la shina la ubongo, linalotengeneza dopamini, akavipa jina la Lewy. Chini ya hadubini kibonge cha Lewy kilichotiwa rangi huonekana kama duara la waridi lenye kiini kizito na ukingo uliofifia, limekaa katikati ya seli na kusukuma kando kila kitu kingine. Kwa karibu miaka 80 hakuna aliyejua duara hilo limetengenezwa na nini. Kisha, ndani ya mwaka huo mmoja wa 1997, mambo mawili yalifahamika. Mihael Polymeropoulos na wenzake walipata kosa moja katika jeni ya alfa-sinukleini miongoni mwa ukoo wenye asili ya mji wa Contursi, kusini mwa Italia, na katika familia za Kigiriki, ambako Parkinson ilirithiwa kutoka kizazi hadi kizazi. Naye Maria Grazia Spillantini na wenzake huko Cambridge walionesha kwamba vibonge vya Lewy vimejaa alfa-sinukleini, hata kwa wagonjwa wasio na kosa lolote la jeni.

Familia nyingine zilizofuata zilifundisha zaidi, na hapa mafuta yanarudi. Kosa liitwalo A30P, lililopatikana kwa familia ya Kijerumani mwaka 1998, huidhoofisha protini isishike utando vizuri. Kosa la E46K, lililopatikana Hispania mwaka 2004, hufanya kinyume: protini huung'ang'ania utando kuliko kawaida. Yote mawili huleta ugonjwa. Mwaka 2003 ikagundulika familia ya Kimarekani ambayo protini yake haikuwa na kasoro hata moja, ila watu wake walikuwa na nakala 4 za jeni badala ya 2, na waliugua wakiwa bado na umri mdogo. Protini njema ikizidi huua seli kama ile mbovu. Ni vigumu kuyaunganisha mambo haya yote kwa kufikiria protini peke yake. Yanaeleweka mara moja yakitazamwa kama suala la uwiano kati ya protini na utando.

Jaribio lililouweka uwiano huo wazi lilifanywa Cambridge na kuchapishwa mwaka 2015 na kundi lililowajumuisha Céline Galvagnion, Alexander Buell na Christopher Dobson. Vifaa vyenyewe ni vya kawaida kwa maabara ya aina hiyo: sahani ya plastiki yenye visima vidogo, protini iliyosafishwa, vifuko vya mafuta yenye chaji hasi, na rangi iitwayo thioflavini T. Rangi hiyo ikiwa peke yake haing'ai kitu, lakini ikijipenyeza kati ya protini zilizopangana na kuwa nyuzi, hung'aa. Mashine hupima mng'ao wa kila kisima saa baada ya saa, bila kuitikisa sahani. Katika visima vyenye protini bila mafuta mng'ao haukupanda. Katika visima vyenye protini na kiasi fulani cha mafuta, mng'ao ulikaa chini kwa muda, kisha ukapaa. Hesabu zilionesha kwamba mafuta yaliharakisha hatua ya kwanza ya kuganda, yaani kuzaliwa kwa kiini cha uzi, kwa angalau mara 1,000.

Lakini visima vyenye mafuta mengi zaidi navyo havikung'aa. Hapo ndipo penye uzito wa jaribio lote. Ilibainika kwamba molekuli moja ya protini huhitaji nafasi ya molekuli za mafuta zipatazo 30 ili ilale sawasawa. Ni mfano wa jamvi na wageni. Jamvi likiwa pana, kila mgeni hukaa mahali pake kwa utulivu; likiwa dogo na wageni wakiwa wengi, hubanana bega kwa bega, na wanaokosa nafasi huzidi kuja wakiegemea waliokwisha kukaa. Mafuta yakitosha, kila protini hulala peke yake ikiwa na msokoto wake salama. Yasipokuwepo kabisa, protini huelea mbalimbali na kukutana kwa nadra. Hatari iko katikati, pale ambapo protini zimeufunika utando wote na nyingine bado ziko majini tele. Zikisongamana hivyo, zile sehemu za katikati zenye kunata hukutana, msokoto hufumuka, na protini huanza kupangana bapa moja juu ya nyingine. Kinachofuata ni uzi unaojirefusha wenyewe kwa kunasa kila protini iliyolegea inayopita.

Mwaka uliofuata kundi hilohilo lilionesha kuwa uwiano hautoshi kueleza kila kitu, kwani aina ya mafuta nayo huamua. Mafuta yenye mikia mifupi iliyonyooka, ambayo huchomoka kwenye utando kwa urahisi zaidi, yaliamsha kuganda. Yenye mikia mirefu iliyopinda, yanayofanana zaidi na yale ya vifuko halisi vya neva, yalishikwa na protini lakini nyuzi hazikuzaliwa kwa namna ileile. Sababu inayokubalika ni kwamba nyuzi hazizaliwi juu ya mafuta tu, bali huyachukua na kuyafanya sehemu ya mwili wake. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani, kwa kutumia hadubini ya elektroni yenye baridi kali, walichapisha katika jarida la Nature picha za nyuzi za alfa-sinukleini zilizokua penye mafuta. Molekuli za mafuta zilionekana zimejipanga juu ya uso wa uzi na kujaza mianya kati ya nyuzi mbili zilizoshikana, na kwa hiyo kuamua jinsi nyuzi hizo zinavyokaa pamoja. Lililodhaniwa kuwa bonge la protini tupu lilikuwa mchanganyiko tangu mwanzo.

Athari hurudi pia upande wa pili, kwa utando wenyewe. Uzi unaokua hunyofoa mafuta na kuuacha utando ukiwa mwembamba au umetoboka. Vilivyo vibaya zaidi ni vishada vidogo vya protini chache vinavyotokea kabla ya uzi kukomaa. Mwaka 2017 Giuliana Fusco na wenzake walieleza katika jarida la Science jinsi kishada chenye sumu kinavyofanya kazi: ule mwanzo wa protini unaopenda mafuta hukitia nanga juu ya utando, kisha kiini chake kigumu huzama ndani ya tabaka la mafuta. Utando ukishavuja, madini ya kalisi huingia ndani ya seli bila mpangilio, na mitokondria huanza kushindwa kuzalisha nishati. Chombo kilekile ambacho protini hii hukitumia kufanya kazi yake njema ndicho inachokitumia kubomoa.

Mikia iliyopinda ina udhaifu wake wa pekee. Asidi za mafuta zenye mikunjo mingi huliwa na oksijeni upesi, na seli zinazotengeneza dopamini huzalisha kemikali nyingi kali zinazochochea jambo hilo. Mabaki ya mafuta yaliyooza kwa namna hiyo hujigandisha kwenye alfa-sinukleini na kuisukuma iunde vishada. Kutokana na hapo baadhi ya watu wamekimbilia kusema kwamba kula samaki au mafuta fulani huleta au huzuia Parkinson. Ushahidi wa maabara haufiki huko. Mafuta ya chakula hupitia mlolongo mrefu wa tumbo, ini, damu na kizuizi cha ubongo kabla ya molekuli chache kufika kwenye utando wa kifuko, na seli ya neva hujipangia yenyewe mafuta yake kwa vimeng'enya vyake.

Vibonge vya Lewy vyenyewe vilikuja kuchunguzwa upya mwaka 2019. Sarah Shahmoradian na wenzake, Uswisi na Uholanzi, walichukua vipande vya ubongo vilivyotolewa na watu waliokufa wakiwa na Parkinson, wakatafuta kwanza kwa mwanga mahali palipo na alfa-sinukleini, kisha wakapiga picha mahali hapohapo kwa hadubini ya elektroni. Vingi kati ya vibonge hivyo havikuwa msitu wa nyuzi kama ilivyotarajiwa. Vilikuwa vimesheheni vipande vya tando, vifuko, laisosomu na mitokondria zilizopinda na kupasuka, alfa-sinukleini ikiwa imetapakaa katikati yao. Nyuzi zilionekana wazi katika vichache tu. Matokeo hayo yalizua mjadala ambao haujaisha, kwa sababu picha za zamani zilikuwa zimeonesha nyuzi bayana, na inawezekana kibonge hupitia hatua tofauti. Hata hivyo hakuna tena anayeweza kueleza kibonge cha Lewy bila kutaja mafuta.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba mafuta yanahusika umetoka nje kabisa ya utafiti wa Parkinson. Mwaka 1882 Philippe Gaucher, daktari Mfaransa, alieleza ugonjwa wa bandama kubwa ambao baadaye ulijulikana kuwa ni wa kurithi. Mtu mwenye ugonjwa huo ana nakala mbili mbovu za jeni ya GBA1, na hivyo kimeng'enya kiitwacho glukoserebrosidesi hakimfanyii kazi. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kuvunja mafuta yenye sukari, glukosilseramidi, ndani ya laisosomu, mahali seli inapochakata taka zake. Kisipofanya kazi, mafuta hayo hujaa. Madaktari waliowahudumia wagonjwa hao walianza kuona kwamba baadhi yao, na hata jamaa zao wenye nakala moja tu mbovu, walikuwa wakipata Parkinson. Mwaka 2009 Ellen Sidransky na wenzake kutoka vituo vingi duniani walikusanya takwimu za wagonjwa zaidi ya 5,000 na kuthibitisha kuwa makosa ya GBA1 huonekana kwa wagonjwa wa Parkinson mara 5 zaidi kuliko kwa watu wengine. Miaka miwili baadaye kundi la Joseph Mazzulli na Dimitri Krainc lilieleza mzunguko unaotokea: glukosilseramidi iliyozidi hudumisha vile vishada vyenye sumu vya alfa-sinukleini, navyo vishada huzuia kimeng'enya kipya kisifike kwenye laisosomu, hivyo mafuta huzidi kujaa.

Habari hiyo ya jeni ina sura yake Afrika. Tafiti nyingi za awali zilitegemea watu wenye asili ya Ulaya na Wayahudi. Mwaka 2023 utafiti ulioongozwa na Mie Rizig, pamoja na madaktari wa Nigeria wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lagos, ulipata badiliko tofauti katika jeni hiyohiyo ya GBA1, badiliko ambalo karibu halipo kabisa kwa watu wasio na asili ya Afrika. Mwenye nakala moja yake ana uwezekano wa kupata Parkinson mara 1.5 hivi ya wengine, na mwenye nakala mbili mara 3.5. Badiliko hilo haliharibu umbo la kimeng'enya kama yale ya Ulaya. Hupunguza kiasi chake. Njia ni tofauti, lakini mahali inapofikia ni palepale, kwenye mafuta yasiyovunjwa. Ukweli kwamba jambo kubwa hivyo lilikaa bila kuonekana mpaka Waafrika walipojumuishwa unatosha kuonesha hasara ya kuwaacha nje.

Kenya na Tanzania zimo katika mpango wa utafiti wa Parkinson unaohusisha nchi 7 za Afrika, na kwa Tanzania msingi wake uliwekwa mapema. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu wapatao 161,000 na kuwapata wagonjwa 33, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani, wala kupewa dawa. Kutetemeka na kupungua mwendo kulichukuliwa kuwa uzee wa kawaida.

Parkinson haiko peke yake katika mambo haya. Protini ya ugonjwa wa Alzheimer, beta-amiloidi, yenye asidi amino 40 au 42, hukatwa kutoka katika protini kubwa iliyopita katikati ya utando wa seli, kwa hiyo huzaliwa ndani ya mafuta. Mwaka 1995 Katsuhiko Yanagisawa wa Japani aliikuta ikiwa imeshikana na gangliosidi, aina ya mafuta yenye sukari, katika ubongo wenye dalili za mwanzo, na akapendekeza kwamba hapo ndipo mbegu ya bonge inapoanzia. Mwaka 1993 ilikuwa imejulikana kwamba jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer ya uzeeni kuliko nyingine zote zilizo za kawaida ni APOE, jeni ya protini inayosafirisha mafuta na lehemu kati ya seli za ubongo, ikiwa ya aina ya e4. Hata hilo lina mipaka, kwani miongoni mwa Wayoruba wa Ibadan uhusiano huo ulionekana hafifu zaidi kuliko kwa Wamarekani. Alois Alzheimer mwenyewe, alipoeleza mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1907, aliandika pia juu ya mafuta aliyoyaona yamejaa katika seli saidizi za ubongo. Mabonge na nyuzi alizozieleza zilipata watafiti wengi. Mafuta yake yalisahauliwa kwa sehemu kubwa ya karne.

Dawa kuu iliyopo sasa ya Parkinson, levodopa, hurudisha dopamini iliyopungua na humsaidia mgonjwa sana, lakini haigusi mabonge wala mafuta. Majaribio ya kuyagusa yameanza. Moja lilijengwa juu ya papa. Squalamine, kemikali iliyogunduliwa na Michael Zasloff mwaka 1993 katika papa mdogo wa bahari za baridi, hukaa kwenye tando zenye chaji hasi na kuibandua alfa-sinukleini. Mwaka 2017 ilioneshwa kuwa hupunguza vishada na sumu yake katika seli na katika minyoo ya maabara, na dawa iliyotokana nayo imejaribiwa kwa wagonjwa wa Parkinson wenye tatizo la choo kigumu, tatizo ambalo mara nyingi hutangulia kutetemeka kwa miaka, nayo ikawapa nafuu. Watafiti wa Boston wamefuata njia nyingine, ya kuzuia kimeng'enya kinachokunja mikia ya asidi za mafuta, baada ya kuona kuwa kupungua kwa asidi ya oleiki kulizilinda seli.

Kwa upande wa GBA1 matumaini yalipata pigo la mapema. Venglustat, dawa inayozuia glukosilseramidi isitengenezwe, ilipunguza kweli mafuta hayo katika maji ya ubongo, lakini katika jaribio kubwa wagonjwa walioimeza hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Kupunguza mafuta yenyewe bila kukirejesha kimeng'enya hakukutosha. Kwa hiyo macho yameelekezwa kwa ambroxol, dawa ya kulainisha makohozi ambayo kwa miaka mingi imeuzwa katika nchi nyingi ndani ya chupa za dawa ya kikohozi. Molekuli yake hushikana na glukoserebrosidesi na kuisaidia ijikunje sawasawa na kufika kwenye laisosomu. Jaribio dogo la Uingereza lililochapishwa mwaka 2020 lilionesha kwamba ikimezwa kwa dozi kubwa kuliko ya kikohozi huingia hadi kwenye maji ya ubongo, na jaribio la hatua ya tatu lilipangwa nchini humo kuwashirikisha wagonjwa wenye makosa ya GBA1 pamoja na wasio nayo, ili kupima kama seli iliyosaidiwa kuvunja mafuta yake itaweza pia kuichelewesha protini isigande.